Kitunguu Saumu, Ukuta wa Paa na Pumzi ya Jirani

Jumanne jioni, tarehe 10 Machi 2020, watu 61 walikutana kwenye ukumbi wa kanisa la Kipresbiteri mjini Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani, kufanya mazoezi ya kuimba. Kwaya yenyewe, Skagit Valley Chorale, si ya kanisa. Ni ya wakazi wa bonde lile, wengi wao wastaafu wapenda nyimbo. Habari za kirusi kipya zilikuwa zimeshafika, kwa hiyo palikuwa na kitakasa mikono, na waliozoea kukumbatiana hawakukumbatiana. Wakaimba kwa saa mbili na nusu, wakapanga viti, wakaenda zao. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua ya kawaida tangu siku tatu nyuma. Maofisa wa afya walipomaliza kufuatilia, walihesabu wagonjwa 53, wengine kwa vipimo na wengine kwa dalili. Wawili walifariki.

Nani aliwaua?

Swali ni la kikatili, lakini wanazuoni wa dini wamelizoea kuliko madaktari. Torati ina sheria nzima kuhusu mtu anayeua bila kukusudia. Mfano wake ni watu wawili waliokwenda msituni kukata kuni, shoka likachomoka mpinini na kumwua mmoja. Muuaji wa namna hiyo alitengewa miji sita ya kukimbilia. Qur'ani, katika Sura An-Nisaa, inamtaka aliyeua kwa bahati mbaya atoe diya na kafara. Sheria zote hizi zinachukulia kwamba kuna tendo: mkono uliinuka, chuma kikaruka, mtu akaanguka. Yule mwanakwaya hakuinua kitu. Alikaa kitini akaimba, akavuta hewa na kuitoa, kama walivyofanya wenzake sitini.

Ukitaka kumhukumu, lazima kwanza uamue ni kitu gani kilichosafiri kutoka kwake hadi kwa wengine. Hapo ndipo fizikia ya mate inapoingilia maadili. Kama ugonjwa unabebwa na matone mazito yanayoanguka ndani ya mita moja au mbili, kosa lina mwenyewe: amekukoholea, amekupa mkono usionawa, umesogea karibu mno. Kama unabebwa na chembe laini zinazoelea, hesabu ni nyingine. Mtu akifukiza udi pembeni mwa chumba kilichofungwa, muda si mrefu aliye kona ya mbali atausikia, na hawezi kuamua kutouvuta. Kuhama kiti kutampunguzia kidogo tu. Kitakachomfaa ni dirisha, na dirisha la ukumbi haliko chini ya mamlaka ya mtu mmoja aliyekuja kuimba.

Kwa zaidi ya karne moja utabibu uliegemea jibu la kwanza. Mwaka 1910 Charles Chapin, ofisa wa afya wa mji wa Providence, Marekani, alichapisha kitabu kilichotetea hoja kwamba magonjwa mengi huenea kwa kugusana na kwa matone ya karibu. Alikuwa na sababu nzuri. Tangu enzi za kale watu walisingizia mvuke wa madimbwi na uvundo wa mizoga kila homa ilipozuka, na imani hiyo iliwafanya wasijali mikono yao wala maji yao. Chapin aliogopa kwamba mtu akiamini ugonjwa uko hewani atakata tamaa ya kujikinga. Hofu yake, iliyokuwa ya kimaadili kuliko ya kisayansi, ikageuka kuwa mafundisho.

Waliompinga hawakusikilizwa sana. Katika miaka ya 1930 William Wells, mhandisi, pamoja na mkewe Mildred, daktari, walionyesha kwamba tone dogo likitoka mdomoni hukauka kabla halijagusa sakafu, na kiini chake kikabaki kikielea. Wakafunga taa za mionzi ya UV sehemu ya juu ya madarasa ya shule karibu na Philadelphia, na surua ilipopita mwaka 1941 madarasa yenye taa yalinusurika kuliko yasiyo nazo. Baada yao Richard Riley, aliyekuwa mwanafunzi wa Wells, alifanya jaribio ambalo kila kamati ya ujenzi wa nyumba ya ibada ingefaa ilisikie. Katika hospitali moja ya Baltimore, miaka ya 1950, alivuta hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu kwa mabomba hadi kwenye chumba cha juu kilichojaa simbilisi. Wanyama wale hawakuwahi kuguswa na mgonjwa, hawakula chakula chake, hawakumwona. Wakaambukizwa, mmoja leo, wengine mwezi ujao. Kundi jingine la simbilisi lilipewa hewa ileile ya wodi baada ya kupitishwa kwenye mionzi ya UV, nalo likabaki salama.

Kifua kikuu kikakubaliwa kuwa ugonjwa wa hewa. Surua nayo ikakubaliwa. Mafua na jamaa zake wakaachwa upande wa matone, na vitabu vya tiba vikaweka mpaka kwenye mikroni 5: chini ya hapo chembe inaelea, juu ya hapo inaanguka. Watafiti waliofuatilia asili ya namba hiyo, akiwemo mhandisi Linsey Marr, waligundua kwamba ilitokana na mchanganyiko wa mambo mawili. Mikroni 5 ni ukubwa wa chembe inayoweza kufika ndani kabisa ya pafu, mahali kifua kikuu kinapopenda kuanzia. Mpaka wa kuanguka na kuelea, kwa hesabu za Wells mwenyewe, uko karibu na mikroni 100. Watu waliishi na kosa hilo kwa miongo kadhaa, wakiweka alama za mita moja sakafuni.

Mwaka 2020 kosa hilo lilikutana na mzozo wa dini, na ndiyo maana mzozo ule ulienda mrama.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi. Shule zikafungwa, lakini tarehe 22 Machi Rais John Magufuli, akiwa kanisani Dodoma, alisema makanisa na misikiti itabaki wazi, kwa kuwa ndiko uponyaji wa kweli uliko na kwamba kirusi, ambacho alikiita shetani, hakiwezi kukaa katika mwili wa Yesu. Mwezi uliofuata aliitisha siku tatu za maombi ya kitaifa. Kenya ilikwenda njia nyingine: nyumba za ibada zilifungwa, na ziliporuhusiwa kufunguliwa mwezi Julai masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, saa moja tu, na wenye zaidi ya miaka 58 au chini ya 13 wabaki nyumbani. Kuwait, katikati ya Machi, waadhini walibadili wito, wakawaita watu waswali majumbani mwao, kwa mfano wa adhana iliyopokewa toka enzi za Maswahaba kwa siku za mvua na matope. Saudi Arabia ilisimamisha Umra, na Hija ya mwaka ule ikawa ya watu wachache waliokuwemo nchini.

Watu wengi walisoma habari hizi kama pambano kati ya imani na sayansi. Haikuwa rahisi hivyo. Siku sita baada ya hotuba ya Dodoma, tarehe 28 Machi, Shirika la Afya Duniani nalo lilitangaza mtandaoni, kwa neno la kuthibitisha, kwamba UVIKO-19 hauenezwi kwa hewa. Ilibidi wanasayansi 239, wakiongozwa na mwanafizikia Lidia Morawska wa Australia na daktari Donald Milton wa Marekani, waandike barua ya wazi mwezi Julai kusihi jambo hilo liangaliwe upya. Shirika lilisogea polepole mno, na mwaka 2024 ndipo lilipotoa istilahi mpya zinazoondoa ule mpaka wa zamani. Kiongozi aliyesema kusanyikeni bila hofu na taasisi iliyosema naweni mikono hakuna haja ya kuogopa hewa, walikuwa mbali kwa imani lakini jirani kwa matokeo: wote wawili waliwaacha watu ndani ya chumba kilekile, madirisha yamefungwa.

Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliandika kuwatahadharisha waumini kwamba ugonjwa upo. Mwezi Machi katibu wake, Padre Charles Kitima, alisema mapadre wapatao 25 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili, wengi wakiwa na matatizo ya kupumua. Kwa kanisa lolote hizo ni idadi za kutisha, na zinastahili kutajwa bila kejeli kwa mtu yeyote.

Lakini je, kujikinga ni kumkimbia Mungu? Swali hilo lina umri mkubwa kuliko Tanzania, Kenya na Shirika la Afya Duniani kwa pamoja. Mwaka wa 18 Hijria Khalifa Umar alikuwa njiani kuelekea Sham, akafika Sargh, akapata habari za tauni. Akashauriana na makundi matatu ya Maswahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida, jemadari wake, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu, kisha akampa mfano wa mchungaji wa ngamia mbele ya bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Popote atakapochunga atakuwa ndani ya kadari. Jibu hilo hunukuliwa sana. Husemwa mara chache kwamba Abu Ubaida alibaki na jeshi lake, na tauni ya Amwas ikamwua, na hakuna mwanachuoni anayemhesabu kuwa mjinga. Alikuwa na watu ambao hakuona haki kuwaacha.

Karne nane baadaye, Kairo, Ibn Hajar al-Asqalani, imamu mkubwa wa elimu ya hadithi, aliandika kitabu kizima juu ya tauni. Hakuwa mtu wa mbali na msiba: tauni ilimchukulia mabinti watatu, wa mwisho akiwa mjamzito. Katika kitabu hicho ameandika tukio la mwaka 833 Hijria, sawa na 1430. Waliokuwa wakifa Kairo kwa siku walikuwa chini ya 40. Watu wakafunga siku tatu, wakatoka kwa pamoja jangwani kuomba, wakarudi. Mwezi haukwisha kabla waliokufa kwa siku hawajazidi elfu moja. Ibn Hajar hakuwa na darubini wala hakuwa mtu wa kuikana dua. Alichofanya ni kuhesabu, kisha akasema kukusanyika kwa namna ile hakukuwa na msingi katika mafundisho aliyoyajua. Mtu anayemzika mwanawe na bado akaandika takwimu dhidi ya ibada ya hadhara ya mji wake anastahili heshima ya pekee.

Kwa Wakristo, maandishi yanayolingana na hayo ni barua ya Martin Luther ya mwaka 1527, tauni ilipofika Wittenberg. Aliulizwa kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia. Jibu lake lina vipande viwili, na watu huchagua wanachokitaka. Kwanza, mwenye dhamana asikimbie: mchungaji, hakimu, jirani wa mgonjwa asiye na mtu. Yeye mwenyewe alibaki. Pili, na hapa Luther anashangaza, atamwomba Mungu, kisha atafukiza, atasaidia kuisafisha hewa, atatumia dawa, na ataepuka mahali asipohitajika ili asije akawaambukiza wengine na kuwa sababu ya vifo vyao kwa uzembe wake. Wanaomjaribu Mungu kwa kudharau kinga aliwakemea vikali. Fizikia yake ya hewa ilikuwa ya zama zake, yaani ya uvundo. Maadili yake yanasimama hata fizikia ikibadilishwa.

Kasoro ya mijadala ya 2020 ni kwamba ilimweka kila mtu mbele ya Mungu akiwa peke yake, kama suala ni imani yangu na mwili wangu. Aliyevaa barakoa alionekana mwoga, asiyevaa jasiri, au kinyume chake kutegemea mtaa. Hewa hairuhusu hesabu hiyo. Nje kuna hewa ukaa kiasi cha chembe 420 katika kila milioni. Pumzi inayotoka kifuani ina karibu 40,000. Kifaa kidogo cha kupimia kikiwekwa kwenye ukumbi uliojaa na kikaonyesha 2,400, maana yake ni kwamba katika kila pumzi ishirini unazovuta, takriban moja nzima imeshapita kwenye mapafu ya watu wengine ukumbini humo. Jasiri na mwoga wanavuta hewa hiyohiyo. Ujasiri wa mmoja unalipwa na pafu la mwingine.

Kwa hiyo sheria inayofaa zaidi si ile ya shoka. Iko sura chache mbele katika Kumbukumbu la Torati, nayo ni fupi na haina utukufu wowote: ukijenga nyumba mpya, zungushia paa lake ukuta mdogo, ili mtu akianguka damu yake isiwe juu ya nyumba yako. Watu wa nchi zile walikaa juu ya mapaa jioni, wakalala juu yake, wakaongea na wageni. Sheria haimwulizi aliyeanguka kama alikuwa mwangalifu. Haimwulizi aliyemsukuma kwa bahati mbaya. Inamwuliza mwenye nyumba, tena kabla hajaanguka mtu yeyote. Uislamu nao una hadithi mashuhuri inayomtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi asiingie msikitini mpaka harufu iishe, kwa sababu inawaudhi walioko ndani. Fikiria uzito wake: faradhi ya jamaa, yenye fadhila zote zinazotajwa, inawekwa kando kwa ajili ya kilichomo katika pumzi ya mtu mmoja na haki ya jirani yake wa safu. Na hapo ni harufu tu.

Kitunguu saumu kinamhusu mwenye mdomo. Anayekohoa anajijua, na anaweza kubaki nyumbani au kuvaa barakoa, na ile ya N95 iliyokaa vizuri usoni inakinga zaidi ya kitambaa. Ugumu wa UVIKO ulikuwa kwamba mtu huambukiza kabla ya kuona dalili yoyote. Huyo hawezi kulaumiwa kwa asichokijua. Kwake yeye, na kwa wanaomzunguka, linabaki jukumu la ukuta wa paa.

Ukitaka kuuona ukuta huo ulivyobomolewa, nenda msikiti mmojawapo wa mijini uliokarabatiwa karibuni, Dar es Salaam au Mombasa, au kanisa lililopata wafadhili. Madirisha ya zamani yaliyofunguka kwa upana yameondolewa. Yamewekwa ya alumini ya kusukuma, yenye kioo cheusi, ambayo hata yakifunguliwa hufunguka nusu. Juu ukutani vimepangwa viyoyozi. Waumini hudhani kiyoyozi kinaleta hewa ya nje, kwa sababu kuna bomba linalopita ukutani. Bomba lile hupitisha gesi ya kupoza na maji ya kudondoka. Hewa ni ileile: inavutwa kutoka juu ya vichwa vya watu, inapozwa, inarudishwa vichwani mwao, na ili umeme usipotee kila dirisha linafungwa. Baridi huwafanya waamini kwamba hewa ni safi. Feni ya dari nayo huikoroga tu hewa ya ndani. Ikiwekwa dirishani ikitazama nje, hapo inafanya kazi.

Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Roderick Escombe walipima vyumba 70 katika hospitali nane za Lima, Peru. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa pande mbili, yalibadilisha hewa yake mara 40 kwa saa madirisha yakiwa wazi. Majengo mapya yenye madirisha yalipata mara 17. Vyumba vyenye mitambo ya kisasa ya hewa vilikuwa na mara 12. Kwa hesabu zao, mtu aliyekaa saa 24 na wagonjwa wa kifua kikuu wasiotibiwa angekuwa na hatari ya kuambukizwa ya asilimia 11 katika majengo ya kale na asilimia 39 katika vyumba vya mitambo. Kanisa la kijijini lenye kuta za nusu na bati juu, ambalo mwinjilisti analionea haya mbele ya wageni, lina hewa ambayo ukumbi wa mjini wa mamilioni hauna. Hii haina maana kwamba waliokusanyika vijijini mwaka 2020 walikuwa na imani kubwa zaidi. Walikuwa na upepo.

Kufungua madirisha si jambo la bure, na wahubiri wa hewa safi husahau hilo. Mbu huingia, na malaria ni ugonjwa wa kweli kuliko mijadala. Wavu wa mbu hupunguza upepo, kwa hiyo dirisha lenye wavu lazima liwe pana zaidi. Kwenye baridi ya Makete au Limuru mwezi wa Julai, bibi wa miaka 70 akikaa kwenye upepo kwa saa tatu za ibada ana haki ya kulalamika. Mkesha wenye vipaza sauti ukifanywa madirisha wazi, mtaa mzima haulali, na haki ya jirani inarudi kwa mlango mwingine. Pengine ibada iwe fupi. Pengine kwaya ifanye mazoezi chini ya mwembe, kwani kuimba hutoa chembe nyingi kuliko kuongea kwa sauti ya kawaida. Penye umeme wa uhakika, feni ya kawaida ikifungiwa vichujio vinne kama sanduku, ubunifu wa Wamarekani Richard Corsi na Jim Rosenthal wa mwaka 2020, husafisha hewa ya chumba kwa gharama ndogo, ingawa vichujio vyenyewe si rahisi kuvipata madukani kwetu.

Na wala si habari za UVIKO peke yake. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani kifua kikuu kiliua watu milioni 1.25 duniani mwaka 2023, na Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwemo katika orodha yake ya 2021–2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi. Ndicho kile cha simbilisi wa Baltimore, ambacho hakuna anayebisha kwamba kinapita hewani, na hata hivyo kamati zinaendelea kupitisha ramani za kumbi zilizozibwa. Kamati ya ujenzi inapokaa kujadili mchango wa viyoyozi, kwa kawaida huwa na mhasibu, fundi na mzee wa kanisa au imamu. Mhasibu huuliza bei, fundi huuliza nguvu ya umeme. Imamu au mchungaji huombwa afungue kikao kwa dua na kukifunga, na katikati haulizwi lolote, ingawa sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati na hadithi ya kitunguu saumu zinampa mambo mawili ya kusema: dirisha hili litafunguka kwa upana gani, na watu wangapi watakaa ndani likiwa limefungwa.